UZI: Sakitu ya Brazil 1975, neema ya kahawa 1977, na mdororo uliotufuata Kenya na Tanzania

Mizania (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila tukijadili kupanda na kuporomoka kwa uchumi tunakimbilia Wall Street ya 2008. Leo tuchukue kisa cha huku kwetu tukipasue mpaka ndani: neema ya kahawa ya 1976–77 na ukata uliofuata. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Neema ililetwa na hali ya hewa ya nchi ya mbali, lakini kina cha shimo tulilotumbukia kilichimbwa hapa hapa, katika miezi ile ile fedha zilipokuwa zinamiminika.

Katikati ya Julai 1975 sakitu nzito (baridi kali inayogandisha umande na kuunguza mimea) iliangukia kusini mwa Brazil. Jimbo la Paraná, moja ya vitovu vikubwa vya kahawa ya nchi ile, liliunguliwa karibu mashamba yote, na mwaka 1976 halikuvuna kitu cha maana. Mbuni ulioungua majani na matawi tu unaweza kurudi baada ya msimu mmoja au miwili. Ulioungua mpaka shinani unakatwa au kung'olewa, na mche mpya unataka miaka 3 hadi 4 kabla ya kuzaa vizuri. Kwa hiyo siku ile ile ya sakitu, mtu mwenye kalamu na karatasi angeweza kukadiria lini Brazil itarudi sokoni kwa nguvu.

Wastani wa bei wa Shirika la Kimataifa la Kahawa, kwa senti za dola kwa ratili (karibu nusu kilo), ulikwenda hivi: 1975 kama 72, 1976 kama 142, 1977 kama 229, halafu 1978 ukashuka hadi 155. Aprili 1977 soko la New York lilivuka dola 3.

Angalieni pengo lililopo kati ya sakitu na kilele: miezi 20 na zaidi. Sakitu iliwakuta Wabrazili wameshavuna sehemu kubwa ya mazao ya 1975, kahawa ipo maghalani. Soko lilikula akiba ile taratibu, na bei ikapanda kadiri maghala yalivyokuwa yanakauka. Juu yake kukaja vita vya Angola, ambayo nayo ilikuwa muuzaji mkubwa, na tetemeko la Guatemala la Februari 1976. Mlaji naye hakukaa kimya. Mwaka 1977 Wamarekani wengi walisusia au kupunguza kahawa, na hapo bei ikaanza kushuka hata kabla mibuni mipya haijazaa.

Hiyo ndiyo sehemu ya nje. Naomba wanaoijua sehemu ya ndani waingie: fedha zilipofika zilikwenda wapi?

MtoMalaba

Mkuu Mizania, kabla hujafika Nairobi pitia mpakani kwanza. Uganda ya Idi Amin ilikuwa na kahawa nyingi, lakini mkulima alilipwa bei ya serikali, kwa shilingi ya Uganda ambayo haikuwa na kitu cha kununua dukani. Bei ya dunia ilipopaa, tofauti kati ya pande mbili za mpaka ikawa kubwa mno. Kahawa ikavuka kwa punda, kwa baiskeli, kwa vichwa vya watu, kuteremkia soko la Chepkube upande wa Kenya chini ya Mlima Elgon. Magendo yenyewe yakawa ndiyo uchumi.

Kwa mada yetu jambo hili lina uzito wa kihesabu. Sehemu ya kahawa iliyouzwa nje kama ya Kenya haikuota Kenya. Ukichukua takwimu za mauzo ya 1977 ukazisoma kama uzalishaji, utadhani mashamba ya Kenya yaliongeza mavuno kuliko yalivyoongeza. Mpangaji wa serikali akichora mpango wa miaka mitano juu ya msingi huo, ameshakosea kabla hajaandika mstari wa pili.

HesabuYaGatundu

Nachangia upande wa Kenya.

Serikali ya Kenya iliiacha sehemu kubwa ya bei imfikie mkulima. Kahawa ilipigwa mnada Nairobi, fedha zikarudi kupitia bodi na vyama vya ushirika, zikakatwa gharama za kiwanda na mikopo ya pembejeo, kilichobaki kikalipwa kwa awamu. Chai nayo ilipanda vizuri 1977. Uchumi ukakua karibu asilimia 9 mwaka huo.

Wengi wanadhani mkulima alizitumia zote kwa anasa, na hapo ndipo wanapopotea. Wakulima walijua bei ile haidumu, na waliweka akiba kubwa. Shida ni walikoweza kuiweka. Sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni haikumruhusu mtu wa Murang'a kushika dola wala kununua hati ya serikali ya nchi nyingine. Riba ya benki ilipangwa chini, na mfumuko wa bei ukaimeza. Kilichobaki ni ardhi, ng'ombe, matangi ya maji, nyumba ya mawe, duka mjini. Watu wote wakajenga kwa wakati mmoja. Mafundi ni wale wale, saruji ni ile ile, mbao ni zile zile, kwa hiyo fedha nyingi ziliishia kwenye kupandisha bei ya ujenzi badala ya kuongeza idadi ya majengo.

Sasa tazameni upande wa benki. Muuzaji wa kahawa anapokea dola na kuzipeleka Benki Kuu, anapewa shilingi. Shilingi hizo ni mpya, zimeingia kwenye mzunguko. Tuseme ni 100 na zimewekwa benki. Benki inabakiza 20, inakopesha 80. Aliyekopa anamlipa fundi, fundi anaziweka benki, inabakizwa 16, zinakopeshwa 64. Ukiendelea mpaka mwisho, shilingi 100 za kahawa zinaweza kuzaa hadi 500 za amana. Kwa kweli haifiki huko, maana watu hushika fedha taslimu na nyingine hutoka kununua vitu nje, lakini mnaona kwa nini mtu asiye na hata mbuni mmoja alihisi neema.

Benki Kuu ina njia za kuzuia hilo: kuuza hati fungani ili kunyonya shilingi, kuongeza kiasi ambacho benki zinalazimika kubakiza, au serikali kutoza kodi ya mauzo ya nje na kuifungia fedha ile isitumike. Yote matatu yanaumiza kisiasa wakati watu wanafurahi, kwa hiyo huchelewa.

Bandarini_Kilindini

Hapo kwenye "nyingine hutoka kununua vitu nje" ndipo mdororo ulipozaliwa. Niufungue mlango huo.

Kenya ililegeza vibali vya uagizaji fedha zilipojaa. Mfanyabiashara anaona duka lake linamalizika bidhaa, anakwenda benki Juni 1977 kufungua LC (hati ya benki inayomhakikishia muuzaji malipo) ya mashine au malori. Kiwanda kule Japani au Uingereza kina foleni, kinachukua miezi minne hadi sita. Meli inachukua mwezi na zaidi. Mombasa mzigo unasubiri gati. Kama masharti ni kulipa siku 90 au 180 baada ya hati za meli, dola zenyewe zinaondoka Benki Kuu katikati au mwishoni mwa 1978.

Lakini 1978 bei ya kahawa imeshaanguka kwa karibu theluthi moja. Mauzo yanashuka na bili za mwaka uliopita zinafika mlangoni kwa pamoja. Akiba ya fedha za kigeni inayoyoma kwa kasi isiyoelezeka ukitazama manunuzi ya mwezi huo peke yake, kwa sababu unalipia maamuzi ya mwaka mmoja nyuma. Kufikia mwisho wa 1978 Kenya ikarudisha vizuizi vya uagizaji. Kiwanda kilichopanuliwa 1977 kwa mashine mpya kikakosa kibali cha malighafi ya kuilisha mashine ile.

Mizania

Bandarini, hapo umepigilia msumari. Niongeze kanuni moja ambayo wasomi wa uchumi huitumia kueleza kwa nini viwanda vinavyotengeneza mitambo huanguka hata kabla mauzo ya dukani hayajaanguka.

Kiwanda cha magunia kina mashine 10. Kila mwaka 1 inachakaa, kinanunua 1. Mahitaji ya magunia yakipanda kwa asilimia 20, kinahitaji mashine 12, kwa hiyo mwaka huo kinanunua 3. Mwaka unaofuata magunia yanauzwa vile vile, hayajashuka hata moja. Kiwanda kinanunua tena 1. Kwa muuza mashine, oda zimetoka 3 hadi 1: ameporomoka kwa theluthi mbili katika mwaka ambao mauzo ya magunia yalibaki juu kabisa. Anapunguza wafanyakazi, wale hawanunui tena, na sasa mahitaji yanashuka kweli.

Ndiyo maana nasema neema haihitaji kufa ili mdororo uanze. Inatosha iache kukua.

Kibo_na_Mawenzi

Naleta Tanzania, maana kahawa yetu ilipanda bei ile ile na tukaishia pabaya zaidi.

Tofauti ya kwanza ni nani alishika fedha. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, mamlaka ya zao ikanunua moja kwa moja kutoka vijijini, na kati ya bei ya mnada Moshi na bei ya mkulima kukawa na ushuru na makato mengi. Neema iliingia zaidi serikalini na kwenye mashirika ya umma. Serikali ikiwa na fedha hujenga viwanda, shule, hospitali, na kila jengo ni ahadi ya matumizi ya kila mwaka. Hospitali iliyogharimu milioni 10 kujenga inaweza kudai milioni 2 au 3 kila mwaka kwa mishahara, dawa na mafuta ya jenereta. Neema inalipa ile 10 mara moja. Ile 2 au 3 inabaki milele, na aliyeilipia hayupo tena.

Kiwanda cha viatu Morogoro ni somo kamili. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikapangiwa kutengeneza mamilioni ya jozi kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Hakikuwahi kufanya kazi zaidi ya asilimia chache za uwezo wake. Kuta zake za bati la alumini hazikufaa joto la Morogoro, ngozi haikufika kwa ubora uliotakiwa, na kemikali na vipuri vilihitaji dola ambazo kufikia miaka ya 1980 hazikuwapo. Mkopo wake lakini ulidaiwa kama kawaida.

Tofauti ya pili ni muda. Akiba ya fedha za kigeni iliyojengwa 1977 ilionekana nene, Benki ya Dunia na IMF zikashauri uagizaji ulegezwe, na 1978 ukalegezwa. Sehemu kubwa ya akiba ikaondoka mwaka huo huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, kwa hiyo tukalazimika kununua upya ndege, mabehewa na mitambo ya simu tuliyokuwa tunachangia. Oktoba 1978 Amin akavamia Kagera, na vita vikaendelea mpaka 1979. Gharama yake inakadiriwa kwa kawaida kuwa kama dola milioni 500.

Mwanakwerekwe77

Ndugu zangu, mnaonaje? Mimi naona mnawabebesha watawala mzigo usio wao. Vita, kuvunjika kwa Jumuiya, halafu mafuta: pipa lilikuwa kama dola 13 mwaka 1978, likavuka 30 kufikia 1980. Nchi gani ndogo ingesimama hapo? Hata ingeweka akiba senti kwa senti, ingeanguka.

Kibo_na_Mawenzi

Mkuu, hoja yako ina nguvu na siipuuzi. Mafuta peke yake yangetupeleka kwenye mdororo. Kipimo changu ni tofauti: kwa pigo lile lile, nani alianguka kina gani na kwa muda gani?

Botswana ilikuwa na almasi, nayo ilipitia misukosuko ya soko, lakini ilikuwa na desturi ya kupanga matumizi kwa kile inachoweza kukiendesha na kuweka ziada nje ya nchi. Baadaye, mwaka 1994, wakaanzisha rasmi Pula Fund, mfuko wa akiba wa taifa. Colombia, mzalishaji wa kahawa kama sisi, ilikuwa na mfuko wa taifa wa kahawa tangu 1940. Wakati wa neema sehemu ya malipo ya mkulima ilitolewa kama hati za akiba za kuiva baadaye, si fedha taslimu. Mkulima alinung'unika. Lakini fedha ile haikuingia sokoni siku moja.

Kwetu, kufikia 1979 hakukuwa na kitu cha kukata isipokuwa bidhaa za lazima. Mwalimu akatangaza kufunga mkanda. Waziri wa Fedha Edwin Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979 kwa kutofautiana juu ya masharti ya IMF. Foleni za sukari, sabuni na unga zikawa maisha. Mwaka 1983 kukawa na msako wa wahujumu uchumi. Shilingi iliyokuwa kama 8 kwa dola mwishoni mwa miaka ya 1970 ikashushwa hadi 17 Juni 1984, na mwaka 1986, tulipokubaliana na IMF, ikavuka 40. Bei ya nje ya kahawa ikisomwa kwa shilingi 8 kwa dola, mkulima anaambiwa zao lake halina thamani. Kwa hiyo aliacha kupalilia, akapanda ndizi na nyanya, na mauzo ya nje yakazidi kushuka. Huo ni mdororo unaojilisha wenyewe, na ulitengenezwa na kiwango cha kubadilisha fedha, hakuna sakitu hapo.

HesabuYaGatundu

Naunga mkono kwa takwimu za Kenya. Ukuaji wa karibu 9 mwaka 1977, na kufika 1982 na 1983 uko chini ya 2, wakati idadi ya watu ilikuwa inakua kwa karibu 4. Yaani kila mtu alikuwa anazidi kuwa maskini. Mpango wa maendeleo wa 1979–83 uliandikwa kwa kichwa cha neema, na mwaka 1980 ilibidi upunguzwe. Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuchukua mkopo wa marekebisho ya uchumi wa Benki ya Dunia, mwaka huo huo.

Kuna kiungo kimoja hamjakigusa: riba ya Marekani. Paul Volcker alishika Benki Kuu ya Marekani Agosti 1979 na kubana fedha ili kuua mfumuko wa bei. Riba ya usiku mmoja kati ya mabenki ilifika karibu asilimia 20 mwaka 1981. Marekani yenyewe ikaingia mdororo, ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982. Aliyekopa kwa riba inayoelea (inayopanda na kushuka na soko) 1977 akajikuta analipa mara mbili na zaidi kwa deni lile lile, huku wanunuzi wa bidhaa zake wamebana mifuko. Mexico ikatangaza Agosti 1982 kuwa haiwezi kulipa, na baada ya hapo benki za biashara zikafunga milango kwa nchi zote zenye sura kama ya Mexico.

Nahodha_wa_Takwimu

Uzi mzuri, asanteni. Kwa anayetaka kutumia haya leo, haya ndiyo ninayoyafuatilia, na makosa ya kawaida katika kuyasoma.

Akiba ya fedha za kigeni isomwe kwa miezi ya uagizaji (inatosha kulipia bidhaa za nje kwa miezi mingapi), si kwa dola tupu. Lengo la Afrika Mashariki ni miezi 4.5. Lakini uulize pia ni uagizaji wa mwaka gani uliotumika kugawanyia: kama uagizaji unapaa, kugawanya kwa wastani wa mwaka uliopita kunaficha upungufu, na hilo ndilo lililowakuta watu wa 1977.

Mikopo kwa sekta binafsi: toa mfumuko wa bei, ulinganishe na ukuaji wa pato la taifa. Mikopo ikikua mara mbili au tatu ya kasi ya pato kwa miaka miwili mfululizo, na mingi inakwenda kwenye ardhi na majengo, andaa koti. Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ni kipimo cha kuchelewa. Wakati wa neema huonekana midogo, kwa kuwa mikopo mipya mingi haijafika muda wa kushindwa kulipwa na inapanua jumla unayogawanyia.

Pato la robo mwaka: robo mbili mfululizo za kushuka ni kanuni ya haraka tu. Marekani kamati ya NBER, taasisi ya utafiti wa uchumi, hutazama kina, mtawanyiko na muda. Ndiyo maana ilihesabu Februari hadi Aprili 2020 kuwa mdororo ingawa ulidumu miezi miwili. Kwa nchi inayolima usilinganishe robo ya mavuno na robo ya palizi. Linganisha na robo ile ile ya mwaka uliopita.

Mizania

Nahodha, nimekupata. Niliuanzisha uzi huu kwa kuwa kahawa ilirudi kule kule. Desemba 2024 bei ya arabika New York iliipita rekodi ya 1977, na Februari 2025 ikavuka dola 4 kwa ratili. Ukitoa mfumuko wa bei, dola 3 na kitu za 1977 bado zilikuwa na nguvu mara kadhaa ya hizi. Safari hii ukame wa Brazil na Vietnam ndio uliosukuma, na soko halina tena mgawo wa kimataifa wa kulishika, kwani mfumo ule ulivunjika Julai 1989, na miaka michache baadaye bei ilikuwa karibu nusu tu ya ile ya kabla.

Kwa viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wanaosoma hapa: msimu wa bei kubwa lipeni kwanza deni la pembejeo lenye riba ya juu, kabla ya malipo ya pili kwa wakulima. Fedha za kupanua kiwanda cha kukoboa zisitoke kwenye bei ya mwaka huu. Pigeni hesabu kwa wastani wa bei ya miaka 7 hadi 10, na kama mashine hailipi kwa wastani huo, iacheni. Kukata mibuni mizee ili ichipue upya kunagharimu mavuno ya msimu mmoja hadi miwili, kwa hiyo kateni kwa mafungu, robo ya shamba kila mwaka, msikate yote kwa mara moja. Na bei ikipanda hivi, kumbukeni kuna mtu Minas Gerais na mwingine nyanda za juu za Vietnam wanaotia miche ardhini wiki hii. Miche hiyo itafika sokoni baada ya miaka 3 hadi 4, pamoja na ya kwenu.

Mwanakwerekwe77

Hapo kwenye wastani wa miaka 10 nina swali: mnatumia bei ya dola au ya shilingi?

Mizania

Dola kwa mapato, ukitoa gharama za usafiri na mnada. Shilingi kwa mishahara na kuni. Mbolea na dizeli ziwekwe upande wa dola hata kama mnazilipia kwa shilingi, maana shilingi ikishuka bei zake zinapanda. AMCOS nyingi huziweka upande wa shilingi, na bajeti inapasuka katikati ya msimu.